Mwalimu Télesphore, Aliyefundisha Timu Kuitana

Padri, wazee wetu, majirani wa Jabe, walimu mliofundisha na marehemu, na nyinyi wachezaji mliosimama huko nyuma kama watu wanaosubiri kuadhibiwa: mimi naitwa Léocadie, ni dada mdogo wa marehemu, tumenyonya ziwa moja, na ndugu zangu wamenipa mimi kazi ya kusoma maisha yake leo, Jumatano tarehe 12 Novemba 2003, kwa sababu wanasema Léocadie halii mpaka kazi iishe.

Marehemu Télesphore Barandagiye alizaliwa tarehe 14 Mei 1949 huko Kiganda, mkoa wa Muramvya, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba yetu Gaspard, fundi seremala, na mama yetu Sabina, mkulima, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alichelewa sana kusema, alifika miaka minne hajatamka neno, mama akamzungusha kwa waganga na kwa mapadri, na siku alipoanza hakunyamaza tena, sisi wadogo zake tunaweza kula kiapo juu ya hilo.

Alisoma shule ya msingi ya misioni hapo Kiganda kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha akaenda kusomea ualimu Gitega, akahitimu mwezi Julai 1969, na ni huko Gitega alikojifunza mpira wa wavu, na kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko wenzake wote, wakampa kazi ya kupanga mpira, yule anayeinua ili mwingine apige na asifiwe. Tarehe 1 Septemba 1969 alianza kufundisha katika shule ya msingi huku Bujumbura, mtaa wa Cibitoke, na mwaka 1974 akahamishiwa Jabe, ambako amefundisha watoto wa watu, na watoto wa watoto hao, mpaka ugonjwa ulipomkuta.

Hapa katikati kuna mwaka 1972, mwaka watu walipochukuliwa wasirudi, na ndugu zangu walitaka niuruke, mimi nimekataa. Timu ya walimu aliyochezea ilikuwa na watu kumi na wawili mwezi wa nne, mwezi wa saba walibaki saba, wakafunga wavu wakacheza, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wale watano wako wapi, marehemu pia hakuuliza. Miaka thelathini baadaye alikuwa bado anaisimulia mechi ile, akisema hajawahi kusikia uwanja ulionyamaza vile, mpira ulikuwa unaanguka katikati yao na kila mmoja anamwachia mwenzake. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe wote tuliopo hapa tunaujua.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Médiatrice, muuguzi, mwanamke mwenye maneno machache, nadhani Mungu aliona nyumba ile haitabeba wasemaji wawili, wakajaliwa watoto watatu, Chanelle aliyezaliwa 1978, Astère aliyezaliwa 1981, na Béatrice aliyezaliwa 1984 na kufariki kwa malaria mwaka uliofuata.

Tarehe 6 Februari 1988, nyuma ya shule hapo Jabe, alianzisha timu ya mpira wa wavu akaiita Tujane, yaani twende pamoja, timu yenye mafundi wa magari, wauza vitenge, wanafunzi na polisi mmoja, Waislamu kwa Wakristo, watu wa Jabe, wa Ngagara, wa Cibitoke na wa Kinama, na wiki nzima ya kwanza hawakuushika mpira, walikaa chini wakifundishwa kuitana. Sheria zake mnazijua, anayeutaka mpira apaze sauti aseme "Yangu!", anayeona jambo linamjia mwenzake amwite kwa jina, na anayeitwa aitike "Niko!", hata kama anajua hatafika. Aliwafunga vitambaa machoni, wakapokea mpira kwa kufuata sauti ya mwenzao tu, na baada ya kila mechi waliketi duara, kila mmoja akimwambia mwenzake usoni neno alilohitaji kulisikia na hakulisikia, bila tusi na bila kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye mwenyewe, Mrundi wa Muramvya aliyejifunza Kiswahili ukubwani, alikuwa akiwapigia kelele kutoka pembeni, "Mutu anaona mupira inakuya, ananyamaza, huyo si mutu ya équipe!", yaani si mtu wa timu, na watoto wa Jabe walimwigiza njiani, akawaacha wamwigize.

Habari zake zilienea, timu za kandanda zikamwalika afundishe makipa kuwaongoza mabeki, mabinti wa mpira wa mikono wakamwita awafundishe nahodha wao kumkosoa mwenzake bila kumvua nguo mbele ya watu, naye alikwenda kila alikoitwa, akirudi na chupa mbili za Fanta kama shukrani, na shemeji Médiatrice, siku alizoamua kusema, alimuuliza kama ada ya shule inapokelewa kwa Fanta.

Ikaja Oktoba 1993, rais akauawa na mauaji yakaanza. Sihitaji kumweleza mtu yeyote aliyesimama hapa, tunajua nani alilala wapi na nani hakuamka. Timu ilirudi uwanjani Februari 1994, pale ambapo kulikuwa na uwanja na siku ambazo njia zilifunguliwa, na marehemu akagundua kwamba wachezaji wake hawaitani tena kwa majina, wanasema "wewe" na "huyo", kwa sababu mtaani jina la mtu na sura yake na njia anayorudia nyumbani vilikuwa vimegeuka kuwa mambo ya kumuua. Hamtasikia kwenye karatasi hii kabila la marehemu wala la mchezaji wake yeyote, yeye hakulitaja akiwa hai na mimi sitamsemea akiwa amekufa, lakini mitaa nitaitaja kwa sababu mitaa ndiyo iliyotutenganisha.

Jumanne tarehe 14 Machi 1995, mwisho wa mazoezi, mchezaji mmoja wa Kinama, kijana Hyacinthe, mwenye miaka ishirini na miwili, aliwaambia wenzake akivua viatu kwamba kesho asubuhi atapitia barabara ya juu kumpelekea mama yake unga. Kaka yake, Aloys, alikuwa amekaa karibu naye, na mbele yao alikuwa Maxime, mchezaji wa Ngagara, akifunga kamba za viatu vyake. Maxime alisikia. Usiku uliotangulia alikuwa amewasikia vijana wa mtaa wake wakipanga kuziba barabara ile ile, asubuhi ile ile. Alimaliza kufunga kamba, akaaga, akaenda zake. Kesho yake Hyacinthe alishushwa kwenye gari akauawa kando ya barabara, na unga wake ukachukuliwa.

Siku tatu baada ya mazishi Maxime alikuja nyumbani kwa marehemu, mimi nilikuwepo jikoni, akasema, "Kocha, mi nilijua. Niliogopa batamuua mama yangu." Marehemu alilia, na baada ya kulia akamwambia kwamba habari hiyo si ya kumletea yeye, ni ya Aloys, na siku akiwa tayari ataisema kwenye duara kama kila kosa la uwanjani. Mimi nilitaka afukuzwe, na nilisema hivyo mbele yake, nilisema mtu huyu asikanyage tena nyumba hii, na marehemu akanijibu kwamba tukimfukuza kila aliyenyamaza katika mji huu, Bujumbura itabaki na mbuzi. Nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha yote hata leo.

Maxime alisema mwezi Mei, kwenye duara, mbele ya wote. Aloys hakumpiga, aliokota viatu vyake akaondoka peku, na mwezi uliofuata vita viliingia Kinama, ikawa haina watu, Aloys na mama yake wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao, wakihama kutoka kilima hadi kilima. Marehemu alimtafuta. Alikwenda kwa miguu alikoambiwa asiende, akasimamishwa kwenye vizuizi vya kila upande, akaitwa jasusi na upande huu na upande ule, na kila alipomkuta hakumhubiria, alimuuliza mama anaendeleaje, akarudi. Mwaka 1998 Aloys alirudi Tujane, akapewa chumba Jabe na Shakuru, fundi wa magari, mchezaji mwenzake, ambaye familia yake iliondoa kabati sebuleni ili kitanda kipate nafasi.

Alirudi kucheza, hakurudi kusema. Kwa Maxime hakutoa hata salamu. Tarehe 21 Agosti 1999 timu ilifika nusu fainali ya mitaa, seti ya mwisho, pointi ya mwisho, mpira ukaja mwepesi katikati ya Aloys na Maxime, mpira wa mtoto, wote wawili wakautazama, wote wawili wakafunga midomo, ukaanguka. Watu walizomea. Marehemu alisema tumefungwa na Hyacinthe, na ni haki yake. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja moyoni, kabla hajafa awasikie hawa wawili wakiitana, hata mara moja, na mimi nathibitisha mbele yenu kwamba hakuwasikia.

Mwezi Julai mwaka huu, wiki ya mabomu, tulipokuwa tumelala sakafuni kwenye korido, yeye na Médiatrice na mimi, aliniambia kati ya mlipuko na mlipuko kwamba akifa wasimtafutie wabebaji wengine, kamba za jeneza upande wa kichwa washike Aloys na Maxime, na nilipomwambia nyamaza tusije tukasikika, alicheka, ndiyo mara ya mwisho nimemsikia akicheka.

Jumapili tarehe 17 Agosti 2003 presha ilimpanda akapata kiharusi, mkono wa kulia ukafa pamoja na ulimi, na katika maneno yote aliyoyapanda katika mji huu Mungu alimwachia moja, "Yangu". Ukimletea uji, yangu, dawa, yangu, ukimuuliza kama anaumwa, yangu. Aloys alikuwa akija asubuhi kumgeuza kitandani na Maxime alikuwa akija jioni kumwogesha, walipanga hivyo ili wasikutane, na marehemu aliwatazama mlangoni kila mmoja kwa zamu yake, akalisema neno lake, huku machozi yakimtoka kwenye jicho moja lililoweza. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, ameacha mjane, watoto wawili, na timu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata siku ambazo dawa hazikuwepo na umeme haukuwepo, inawashukuru walimu wenzake walioshika madarasa yake, majirani wa Jabe, hasa familia ya Shakuru na akina mama wa Kiislamu waliopika wakati wa Ramadhani chakula ambacho wao wenyewe hawakukionja mpaka jua lizame, inamshukuru Padri, na inawashukuru wote mliovuka vizuizi ili mfike hapa.

Sasa karatasi naikunja, kwa sababu kilichobaki hakikuandikwa. Jeneza liko juu ya kamba, upande wa kichwa ameshika Aloys kulia na Maxime kushoto, miguuni wako Shakuru na Astère, mwana wa marehemu, kaburi ni refu, udongo umelowa, na wanaume wanne hawawezi kushusha jeneza sawasawa bila kusemezana, mmoja akilegeza kabla ya mwenzake kaka yangu ataingia ardhini kwa kichwa.

Aloys, mwanangu, sikuombi umsamehe, hilo ni lako na la Mungu, na la mama yako aliyeketi pale kwenye mkeka, nakuomba uongee naye kwa urefu wa kamba hiyo tu. Maxime, na wewe sikufariji. Ulinyamaza mara moja, mtu akafa. Leo uanze wewe.

Hakuna kulegeza mpaka nisikie. Nangoja. Mvua ikinyesha itatunyeshea wote, mimi sina haraka.

Ameita. Nyinyi wa nyuma hamkusikia kwa sababu amesema kidogo sana, basi nawaambia mimi, amesema, "Aloys, tushushe polepole, nikuite."

Na bado nangoja.

Ameitika. Amesema "Niko", hakumtazama, neno moja, na sitaki zaidi ya hilo.

Shusheni. Kaka, umesikia, wanaitana, zamu yako imekwisha, sasa unaruhusiwa kunyamaza. Pumzika kwa amani. Kazi mliyonipa nimeimaliza, niacheni nilie.