Arobaini ya Mtoto Mwenye Meno

Assalamu alaikum, ndugu zangu! Mola asifiwe kwa kila pumzi anayotupa!

Najua mnacheka chini kwa chini. Mmealikwa arobaini, mkafika, mkamkuta mwenye arobaini yake anatafuna mkate kwa meno mawili. Chekeni, nimewaruhusu! Mwanaesha ana miezi kumi na mitatu, na leo ndiyo siku ninayomtoa nje rasmi kama desturi yetu. Kabla hamjapakuliwa, nipeni masikio. Nina ushuhuda, na ndani yake mna aibu yangu.

Hapa kisiwani Koyama mnanijua, mimi Zuhura, mke wa Mbwana, mpiga mbizi avuaye kamba. Mnajua pia kwamba kabla ya Mwanaesha nilizika wawili. Wa kwanza alikwenda na homa, hajatimiza miezi mitatu. Wa pili aliharisha siku nne, akaninyaukia mikononi. Huyo wa pili alikuwa mnene, na siku chache kabla hajaugua, jirani yangu Amina alimwinua juu akasema, "Mwana huyu mzito kama gunia la mchele!" Hakutamka mashallah. Basi, nikalifunga moyoni: Amina ndiye aliyemtia jicho mwanangu. Sikumwambia neno. Nilikata salamu tu, naye hakujua kosa lake ni lipi.

Alipozaliwa Mwanaesha, niliapa hakuna jicho litakalomwona. Dirisha nililiziba kwa gunia. Mlangoni nilitundika mapazia mawili. Nilimwogesha ndani, nikamnyonyesha ndani, nikamfunika mpaka kichwani. Siku ya arobaini mavyaa wangu, mama yake Mbwana, alikuja na udi na nguo mpya, tumtoe mtoto nje. Nikasema bado, ana mafua. Wiki ya pili nikasema bado, tumbo linamsumbua. Nanyi mkija kumwona nawaambia amelala. Mtoto gani hulala miezi minane? Sijui mliniamini au mlinistahi.

Ndugu zangu, humo ndani mtoto hakuwa salama! Alinyonya vizuri, alicheka, lakini kichwa kilimtoka jasho mpaka mto unalowa. Mwezi wa sita ukapita, hata kujaribu kukaa hajaribu. Nikimkalisha anajikunja kama nguo mbichi. Ukapita wa saba, ukaja wa nane, na sasa ukimgusa miguu analia. Mavyaa akasema tumpeleke Kismayo. Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia Kismayo kuna macho mengi kuliko huku. Niliona ulegevu ule ni jicho limempata hata mafichoni, nikaongeza pazia la tatu.

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilikuwa nampaka mafuta, mara mwili ukakakamaa, macho yakapinduka, mikono ikawa inaruka ruka. Degedege! Nilipiga yowe nikatoka naye nje kama nilivyo, kichwa wazi, mpaka pwani. Mbwana alikuwa baharini. Boti ya injini iliyokuwapo ilikuwa moja tu, ya mume wa Amina, na Amina mwenyewe akaja mbio. Nilikaa mchangani nimemkumbatia mtoto, sijui nimshike wapi.

"Nipe mwana, Zuhura."

Nikamtazama. Huyu? Huyu huyu?

"Utanichukia baadaye. Nipe mwana!"

Nikampa. Akamlaza ubavu, akampangusa povu, akamlegezea nguo. Degedege ikaachia, lakini mtoto akabaki amelegea kabisa. Tukapanda boti. Njia nzima mpaka Kismayo Amina alimpakata, hakumwondolea macho hata mara moja. "Anapumua, Zuhura," ananiambia. Kidogo tena, "Anapumua." Macho niliyoyakimbia miaka mitatu, siku hiyo ndiyo yaliyomchunga mwanangu!

Hospitalini tulipokewa na daktari, mama wa makamo. Alimshika vifundo vya mikono, vimevimba. Akampapasa mbavu, zina vinundu. Utosi, bado mpana. Akaniita mama kwa Kisomali, akaniuliza kwa upole, "Hoyo, mtoto huyu huwa unamtoa nje saa ngapi?"

Nikalia, nikamweleza gunia, mapazia, yote.

Hakunikaripia. Alisema mwili wa mtoto unahitaji jua ili mifupa yake ikaze, na maziwa yangu peke yake hayakutosha kuifanya kazi hiyo, hasa kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimejifungia. Mifupa ilikuwa imelainika, na madini yake yalipopungua sana katika damu, ndipo degedege ikaja. Ndugu zangu, sisi watu wa visiwani, jua linatuunguza mpaka tunalikimbia, na mwanangu aliumwa kwa kulikosa!

Akatibiwa kwa dripu, kisha akapewa matone ya kunywa kila siku. Nikafundishwa kumtoa asubuhi, mikono na miguu wazi, bila jua kumchoma. Nikaambiwa pia kwamba aliyetimiza miezi sita hatoshwi na titi, apewe na uji, yai, na samaki aliyepondwa. Hayo nilikuwa sijayafanya, kwa hofu ya kwenda hata kuuliza. Na daktari akanisisitiza: degedege yoyote, mtoto akimbizwe hospitali, maana zipo zinazotokana na malaria na maradhi mengine makubwa.

Siku ya tatu nilimwomba Amina radhi, nikamwambia nilivyomdhania. Naye akasema, "Miaka yote hii nilidhani ni ile sufuria yako niliyoiunguza." Tukacheka, tukalia, wagonjwa wote wakatugeukia.

Alhamdulillahi! Mwezi wa kumi Mwanaesha alikaa mwenyewe. Wa kumi na mbili alitambaa mpaka jikoni akamwaga unga wangu, nami nikasujudu pale pale katika unga. Juzi amesimama akishika gauni langu. Namshukuru Mola aliyenihurumia ingawa sikustahili. Namshukuru mavyaa wangu, aliyevumilia ulimi wangu.

Sikatai, kijicho kipo. Lakini kinga yake ni dua, si giza. Mama uliyezika, unayemfungia aliyebaki, nakusihi kama dada: mtegemee Mungu, umtoe mwanao. Mpeleke akapimwe, akachanjwe. Akichelewa kukaa au kutambaa, uliza mapema, usione haya. Mimi haya zangu nusura zimuue.

Sasa ubani uko tayari, na mavyaa wangu ananitazama nimalize. Desturi inasema mtoto atolewe nje na mtu anayempenda. Amina, ndugu yangu, inuka. Mchukue Mwanaesha, umtoe wewe. Nanyi nyote tokeni, mumtazame mpaka mshibe!