Dumu la Petroli la Mama Clever

Baba Padri, wazee wa ukoo, wanajumuiya, majirani wa Kiriba na Murangi, nanyi mliotoka Butiama na Bunda kabla hakujapambazuka, familia imenituma mimi, Magesa Burito, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza niwaombe radhi kwa jambo moja, kwamba leo hakuna maturubai, hakuna muziki, hakuna ng'ombe aliyeanguka, kuna makande na maji ya kunywa, na aliyekuja amejiandaa kwa pilau atusamehe, maana mwenyewe ndiye aliyekataa, na sababu mtaisikia.

Marehemu Lukresia Burito alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Butiama, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Burito na mama Nyangi, ambao wote wametangulia. Alianza darasa la kwanza mwaka 1976 akamaliza la saba mwaka 1982, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na siyo kwamba kichwa hakuwa nacho, kichwa alikuwa nacho kutuzidi sote nyumbani, ila mwaka ule nafasi zilikuwa chache mno, basi akarudi shambani kwa baba akalima bila kununa.

Mwaka 1985 shangazi yetu alimchukua kwenda kukaa naye Bunda, akapata kibarua kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, kazi aliyoifanya kwa miaka mitano, na watoto wa shangazi walimtania sana, kwani jioni alikuwaga anarudi na nyuzi za pamba zimejaa kwenye nyusi na nywele, wakamwita bibi kizee, naye anawakimbiza uwanja mzima na ufagio. Pale Bunda ndipo alipokutana na Mugeta, kijana wa hapa Kiriba aliyekuwa akipeleka dagaa sokoni, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kutoa, wakafunga ndoa tarehe 24 Novemba 1990, wakahamia Musoma mjini, mtaa wa Mukendo, wakafungua duka la nyavu na kamba.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza ni Hilda, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1992 na ambaye leo ni mwalimu, na baada ya kungoja miaka mingi hadi watu wakaacha kuuliza, akapatikana Clever, tarehe 2 Februari 2005. Clever alilelewa kama yai, kitanda chake kipo lakini halali humo, usiku unamkuta katikati ya baba na mama, na ukimsema dada yetu kwamba anamdekeza anakujibu kwamba mtoto wa kungojewa hawekwi pembeni.

Miaka ile waliishi vizuri, hilo tuliseme wazi, duka likazaa mitumbwi ya injini, mitumbwi ikazaa nyumba ya Mukendo yenye geti, na sisi wa Butiama tukija mjini tulikuwa tunarudi na mafuta, sukari na nauli juu.

Shemeji yetu Mugeta alifariki ghafla kwa presha tarehe 18 Agosti 2012. Wengi wenu mlikuwepo kwenye msiba ule, na wasiokuwepo waliuona kwenye video, maana mpiga video alitoka Mwanza, jeneza nalo likatoka Mwanza, yakaja mabasi, spika za kutikisa mabati, sare za vitenge, ng'ombe wakachinjwa mpaka mbwa wa kijiji wakashiba wakalala, na kaburi likajengwa kwa vigae vyeupe na paa juu, na chini ya paa hilo ikaachwa nafasi ya mke, imeshazungushiwa vigae vyake tayari. Mjane hakupanga lolote katika hayo, alikuwa amekaa chini na kitenge kichwani, wakamjia kumuuliza kama tajiri wa ziwa azikwe kama mtu asiye na watu, naye akajibu neno moja tu, fanyeni. Neno hilo lilimsumbua maisha yake yote, alikuwa akilikumbuka hata akiwa anacheka na watu, kicheko kinakatika katikati, na ukimtazama usoni unajua amelisikia tena.

Waliolia naye walipoondoka walikuja wenye kudai malipo ya mabasi, ya ng'ombe, ya vigae, na kufikia Januari 2013 duka limeisha, injini zimeuzwa, nyumba ya Mukendo ina mtu mwingine, na dada yetu amerudi hapa Kiriba kwenye nyumba ya udongo ya wakwe zake pamoja na Clever, Hilda akiwa chuoni anasomeshwa kwa msaada wa mzee Abednego, kaka mkubwa wa Mugeta, ambaye tunamshukuru.

Jumanne tarehe 6 Mei 2014, Clever alirudi kutoka shuleni na homa, kufika mchana anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, wakaambiwa wamkimbize Musoma, na gari la karibu lilikuwa la mtu wa Murangi, naye hakuwa mtu mbaya, alisema ukweli wake kwamba tenki ni kavu, aletewe petroli atatoka saa hiyo hiyo, na katika nyumba ile, ambayo ukisimama mlangoni unaliona kaburi la vigae, haikupatikana hela ya petroli. Jamani! Mama alizunguka nyumba kwa nyumba na kuku mkononi, akauza, akakopa, gari likapanda kilima chetu jua limeshainama, na mtoto akakata roho mapajani mwake kabla hawajauona mji. Alizikwa kesho yake kwenye udongo mtupu, ubavuni mwa baba yake, na wageni waliokuja walikipita kile kituta kidogo wakaenda kupiga picha kwenye vigae.

Tangu siku hiyo aliacha kuitikia jina la Mama Hilda, akawa Mama Clever, na Hilda mwenyewe ndiye aliyetuomba sote tumkubalie. Tangu siku hiyo pia, kila gari lililosikika likipanda kilima, dada yetu aliinuka. Awe anamenya mihogo, awe mezani, awe kanisani katikati ya sala, aliinuka, akakaza kitenge, akatoka kutazama mpaka gari lipite, kisha akarudi kukaa, na ukimuuliza anakwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anaangalia tu kama limefika.

Ndipo alipoanza yale maisha ambayo wengine mliyacheka na wengine mkayaogopa. Viatu vya Jumapili alivigawa, runinga aliiuza, sabuni ya mche aliikata kwa uzi vipande vidogo, sukari ikawa ya mgonjwa tu, sokoni Murangi akaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na mashemeji zake wakataniana kwamba chai ya kwa Mama Clever unaona kitako cha kikombe kabla hujanywa. Kuna walioona ni ufukara na kuna walioona ni uchoyo, lakini kila alichokibana kilikuwa na mahali pa kwenda, nacho kilikwenda kwenye dumu la njano la lita tano alilolificha kwenye banda la kuku, mbali na jiko, dumu la petroli, katika nyumba isiyo na hata pikipiki. Mwenye mgonjwa alikuwa haombi, anakuja, anachukua, anakimbilia kwa mwenye gari, na dumu likirudi tupu yeye anaanza tena, chupa kwa chupa. Wamo humu walioletewa uhai na dumu lile, sitawataja, mmoja amempa bintiye jina la Lukresia na nimemwona hapa mbele anamnyonyesha.

Mwaka 2016 alianza kuanika mihogo yake juu ya kaburi la vigae, kwa sababu vinashika joto na kuku hawapandi, na ukoo ukakaa kikao kizito, wakamwambia anamdhalilisha marehemu, naye akawajibu kwamba vigae hivyo vimeshakula mtoto, sasa viwalishe waliobaki, na kikao kikavunjika bila mtu kuomba neno la kufunga. Akaendelea kuanika, na jioni akimaliza kukusanya mihogo anafagia makaburi yote mawili, akianza na lile dogo, akiongea hapo polepole, na sisi tuliowahi kumsikia tulimsikia akiviuliza vigae kama njaa imeisha.

Penye msiba hakukosa kufika, alifika wa kwanza na kuni na unga, ila kabla kamati haijaagiza turubai alikuwa anaingia na swali lake lile lile, kwamba wakishamzika huyu, watoto watakula nini keshokutwa, na baadhi waliomwita mkosi kwa swali hilo wapo hapa leo, hatuna kinyongo, kunyweni maji.

Figo zilianza kumsumbua mwezi Oktoba 2023, akatibiwa Musoma na baadaye Mwanza, akawa anakwenda na kurudi, mpaka tarehe 4 Septemba mwaka huu wa 2025 alipozidiwa, akapelekwa Musoma kwa petroli ya dumu lake mwenyewe, baada ya kubishana nasi sana, na njiani jambo alilomwagiza Hilda lilikuwa ni kulijaza tena kabla hajamwona daktari. Siku iliyofuata alimwita mzee Abednego kitandani, akamwomba asimlaze kwenye ile nafasi ya vigae, amlaze upande wa pili wa Clever, kwenye udongo kama wa Clever, na mzee hakumjibu, maana desturi yetu inajulikana, mke analala ubavuni mwa mumewe, naye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo. Dada yetu aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa hajapata jibu, na hilo lilituuma kuliko tunavyoweza kusoma hapa.

Jana jioni gari lililomleta kutoka mochwari liliposikika likipanda kilima, hakuna aliyetoa tangazo, lakini kwenye uwanja huu watu wote waliinuka, wanawake wakakaza vitenge, tukatoka kutazama. Mzee Abednego aliinuka naye, akalitazama gari mpaka likasimama, akaomba jembe, akaenda mwenyewe kupima kaburi upande wa pili wa Clever, akilia waziwazi, na hakuna aliyempinga. Kwa hiyo leo mtoto analala katikati ya baba na mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza, majirani mliomlisha na kumgeuza kitandani, wanajumuiya, walimu wenzake Hilda, akina mama wa dagaa aliokuwa akianika nao, na yule mwenye gari wa Murangi, ambaye safari zote za miaka hii hakuwahi kudai zaidi ya petroli. Michango yenu yote imekwenda mahali ambapo mnapajua, na madumu sasa yako matatu, bandani mwa kuku, anayehitaji asibishe hodi.

Pumzika kwa amani, dada. Limefika.