Mkeka wa Picha

Kijiwe cha Filomena kipo njia panda ya soko la Gleno, huku milimani Timor ya Mashariki, pale pale lori la wanamgambo lilipoungua mwaka wa kura ya uhuru. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori hilo. Filomena, mjane mwenye mkono mwepesi na ulimi mzito, hukaanga ndizi na kumimina kahawa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Asubuhi ile ya kuamkia siku ya marehemu, kila nyumba ilikuwa ikichuma maua ya kupeleka makaburini, na Abílio alifika kijiweni amenuna tangu kitandani, gazeti limebanwa kwapani. Alikaa mwisho wa benchi, mbali kabisa na Anselmo. Huyo Anselmo, mpaka kiangazi kilichopita, alikuwa akinywa kahawa yake amesimama, na hakuna aliyewahi kumwambia akae. Sasa alikuwa amekaa, tena amekunja nne.

— Lete tuone, alisema Redio.

Jina lake hasa ni Jacinto, lakini kwa kuwa hazimiki, watu walimbatiza Redio. Kwapani alikuwa na jogoo wake wa kupigana, maana hatoki nyumbani bila huyo jogoo. Abílio alimrushia gazeti.

— Si hii hapa. Ukurasa mzima. Tumependeza eti?

Picha ilikuwa ya Abílio na Anselmo, wamekaa kwenye mkeka, midomo yao myekundu kwa tambuu. Chini yake yaliandikwa maneno ya kigeni. Profesa Duarte, ambaye alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote na hajaacha kusahihisha watu, alivaa miwani akasoma.

— Imeandikwa: "Wamesameheana."

— Nani kawasamehe nani? aliuliza Abílio. Mimi nimemsamehe nani?

Wote walikuwepo siku picha ilipopigwa. Yule mwandishi wa habari alikuwa ameizunguka nchi nzima na gari lake jeupe, Suai, Maliana, Lospalos, na kila anaposhuka swali lake ni lile lile: mmesameheana? Hapa kijiweni akaambiwa kwamba Celestino, kaka yake Abílio, alipakiwa kwenye lori la wanamgambo mwaka wa kura na hakuonekana tena, kwamba dereva wa lori alikuwa Anselmo, na kwamba Anselmo amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka alikokimbilia, anaishi jirani. Mgeni macho yakamng'aa kama aliyeokota almasi. Akaomba litandikwe mkeka.

Sasa mkeka si kitu cha kuchezea. Unatandikwa mbele ya wazee, aliyekosa anasema yote aliyoyafanya bila kuficha, aliyekosewa anasema uchungu wake, ndipo wanatafuna tambuu pamoja. Wakishatafuna, jambo limezikwa, halifukuliwi tena. Lakini jua lilikuwa linazama na mgeni ana haraka. Picha kwanza, alisema, maneno baadaye. Abílio akaona haya kumkatalia mtu aliyetoka mbali. Wakakaa, wakatafuna. Mgeni akapiga picha zake, akawashika mikono wote, akapanda gari. Anselmo akasimama, akajikung'uta suruali, akaenda zake nyumbani. Hayo maneno ya baadaye hayajasemwa mpaka leo.

— Jana nilimwendea mlangoni, Abílio aliwaambia, bila kumtazama anayemsema. Nikamuuliza kistaarabu kabisa, kaka yangu mlimlaza wapi? Ananiambia, "Ndugu yangu, si tulishatafuna?"

— Na wazee wanasemaje? aliuliza Redio.

— Wazee wamekuna vichwa, wakasema mkeka ulitandikwa, tambuu ilitafunwa, watu waliona.

— Hapo sasa, alisema Profesa. Hapo wazee wamechemka. Ule haukuwa mkeka. Ulikuwa wa kuanikia kahawa.

— Mkeka ni mkeka, alisema Filomena bila kugeuka. Na ni wangu.

— Nisikilizeni mimi, alisema Redio. Tambuu ile haikuwa na chokaa. Bila chokaa ni majani tu, hata mbuzi anakula majani.

— Na huo wekundu wa midomo? aliuliza Profesa.

— Wameupaka huko huko gazetini. Wana mashine.

— Chokaa niliitoa mimi, alisema Filomena.

Redio aligeukia upande mwingine.

— Haya, tuseme chokaa ilikuwepo. Ile kamera je? Ilipiga mwanga, pwaa. Marehemu wetu, ndio mashahidi wa mkeka, hawajazoea. Wakadhani radi, wakakimbia wote. Mmetafuna hakuna shahidi.

— Wewe nawe, alisema Profesa. Suala ni damu. Alichinjwa mbuzi? Hakuchinjwa. Alichinjwa hata kuku?

Macho yote yakamwendea jogoo. Redio alimkumbatia.

— Huyu msimwangalie. Huyu ana pambano Jumapili.

Siku nyingine Abílio angecheka. Leo kicheko kiligoma kabisa. Binti wa Celestino, Odete, aliyelelewa na masista kule Dili tangu mama yake afariki, alikuwa njiani anakuja. Miaka yote familia ilikuwa ikiweka maua yake kwenye ule msalaba mkubwa wa makaburini, wanapoweka wote wasio na kaburi la kwao. Mwaka huu ametuma salamu kwamba amekua, hataki tena msalaba wa watu wote. Anamtaka baba yake. Abílio alikuwa amejiapiza kwamba msichana akifika jibu litakuwepo, na sasa lori la Dili lingeingia wakati wowote naye hana la kumwambia.

— Mnajua mimi nimegundua nini? Profesa aliendelea, sauti ameishusha kana kwamba kuna mpelelezi ndani ya kikaango. Yule hakuwa mwandishi. Yule katumwa. Hebu fikirini. Anazunguka nchi nzima, kila mji mkeka, kila mkeka picha. Akimaliza, kesi zote zimetafunwa. Kuna mahakama itakayouliza kitu tena? Nchi yote inafungwa kama gunia la kahawa, inashonwa mdomo.

— Katumwa na nani?

— Na wenye sindano.

— Basi dawa ni moja, alisema Redio. Aitwe arudi. Awapige picha wakitema.

— Wakitema nini? Ilishamezwa tangu kiangazi.

— Ndiyo maana nasema aje haraka.

— Kelele! alisema Abílio, akapiga ubao mpaka vikombe vikaruka. Kelele zenu wote. Mnabishania chokaa na mbuzi. Mtu alikuja akala uchungu wangu kama ndizi ya kukaanga, akafuta mikono, akaenda kuwaonyesha watu wa kwao jinsi sisi tulivyo wema. Nani kamwambia mimi ni mwema? Mimi sitaki kuwa mwema. Nataka mifupa ya kaka yangu.

Anselmo aliweka chini mguu aliokuwa ameukunja.

— Mnanisema na mimi nipo hapa hapa, alisema.

— Ungesema wewe, tungekuwa tumenyamaza, Filomena alimjibu.

— Niliambiwa kaa, nikakaa. Niliambiwa tafuna, nikatafuna. Kama mlitaka maneno mngeniuliza kabla. Leo mnanitaka niufumue mkeka, kesho mtasema mimi ndiye nimeleta balaa kwenu. Mimi pia nina watoto.

Abílio alisimama. Profesa naye akasimama, akamshika mkono juu ya kiwiko.

— Usimguse. Ukimpiga mtu mliyetafuna naye, mkosaji unakuwa wewe. Mbuzi utatoa wewe, na pole utamwomba yeye.

Abílio alijua ni kweli, na kujua huko ndiko kulikomchoma zaidi kuliko gazeti. Akakaa tena kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya.

Lori la Dili liliingia sokoni likipiga honi. Akashuka msichana mwembamba aliyevaa nguo nyeusi, kikapu cha maua kichwani, mishumaa mkononi. Alikuwa na paji la uso la Celestino lile lile. Alipofika kijiweni alitua kikapu, akawasalimia kama alivyofundishwa, mmoja mmoja, akiinama na kubusu mkono wa kila mkubwa. Alianza na baba yake mdogo, akaja Profesa, akaja Redio na jogoo wake, mpaka mwisho wa benchi akaushika mkono wa Anselmo na kuubusu pia. Abílio alifumba macho.

— Shikamooni nyote, alisema Odete. Baba mdogo, maua haya tunayapeleka wapi? Baba yangu yuko wapi?

Abílio alitazama chini. Odete akamtazama Profesa, na Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Akamtazama Redio. Redio, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alishughulika na manyoya ya jogoo. Ndipo msichana akamgeukia Anselmo, bila ubaya wowote, kwa kuwa ni mtu mzima aliyebaki.

— Na wewe, mzee wangu? Hujui?

— Jambo hili, binti, alianza Profesa, kwa mila zetu, lilishatafu—

— Huyu hakukaa, alisema Filomena.

Alikuwa amegeuka sasa, mwiko mkononi, na sauti yake ilikuwa ya chini.

— Mkeka ulikuwa wangu, chokaa ilikuwa yangu, na waliotafuna niliwaona kwa macho yangu. Mtoto huyu hakukaa. Hakutafuna kitu. Ana haki ya kuuliza, na aliyeulizwa ana mdomo.

— Mkeka unafunga nyumba nzima, Profesa alijaribu.

— Basi mwambie wewe. Mtazame usoni umwambie baba yake alimezwa na tambuu.

Profesa hakumtazama usoni.

Abílio alisogea. Akamsukuma Redio, akamsukuma Profesa, ubao ukalia, mpaka ikapatikana nafasi kando ya Anselmo. Akakichukua kikapu cha maua, akakiweka miguuni pa yule mtu.

— Kaa hapa, mwanangu, alimwambia Odete. Umeuliza vizuri. Mimi sikujua kuuliza.

Msichana akakaa, akaweka mishumaa mapajani, akamwelekezea Anselmo uso wake, akasubiri. Filomena aliinamisha birika juu ya kikombe cha Anselmo. Yakatoka matone na machicha.

— Kahawa imeisha, alisema.

Siku zote akisema hivyo watu huinuka wakaenda zao. Anselmo aliinuka nusu. Akaona hakuna mwingine aliyeinuka, hata Redio, na kikapu kilikuwa kimemzibia njia. Akakaa tena.