Mzee Milimita, Pini Yake na Nyavu za Malkia

Ifikapo saa kumi jioni ya tarehe 30 mwezi huu, mkaguzi wa vifaa vya nyuki wa ushirika wetu atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Hiyo miezi minne ameitaja mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "zaidi ya miaka thelathini", akairudisha na alama nyekundu.

Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye mkataba, na hana kinyongo na hilo. Ameitwa Milimita tangu mwaka wake wa pili kazini. Mkewe, ambaye ni mwalimu, anasema kabati la vyombo nyumbani limehamishwa mara nne kwa sababu ya upana wa kidole, na kwamba wajukuu wameshajifunza kukata keki bila kumwita babu. Mimi, mtunza stoo, nimeketi naye chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, meza zetu zikitazamana. Mengi ninayoandika hapa sikusimuliwa.

Alianza karakana, akipigilia misumari mifuniko ya mizinga. Mwaka wa saba alihamishiwa ukaguzi, akakabidhiwa nyavu za malkia. Kwa wageni wasiofuga nyuki: wavu wa malkia ni fremu ya nyaya inayowekwa kati ya sanduku la chini la mzinga, ambamo malkia hutaga, na sanduku la juu la asali. Nyuki vibarua hupenya katikati ya nyaya. Malkia, aliyejaliwa mwili, hubaki chini. Nafasi ikizidi milimita nne na ushei, bibi huyo hupanda ghorofani, na siku ya kurina mfugaji anakuta masega ya asali yamejaa mayai na funza. Asali ya namna hiyo kituo cha ukusanyaji hakiipokei.

Kazi ya Milimita ilikuwa kuchomeka pini ya shaba kati ya nyaya, nafasi baada ya nafasi. Pini ikipenya, wavu hugongwa muhuri wa KATAA. Isipopenya, hugongwa PITA. Pini hiyo aliitunza kama mboni ya jicho. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na kuiosha kwa maji ya moto ilikuwa mwiko, kwani joto, alitufundisha, hutanua metali. Kila Ijumaa aliifuta kwa kitambaa kikavu. Mhudumu wa usafi aliwahi kuinyanyua ili apanguse vumbi, akapewa somo la fizikia la dakika ishirini akiwa ameshika ufagio.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe ameagiza lisiachwe. Miaka sita iliyopita wafugaji walianza kuandika kwamba malkia wanapanda. Milimita, aliyekuwa pia mjibu barua, aliwajibu wote kwa sentensi moja: wavu ulipimwa ukapita, tafadhali kagua uwekaji wako. Aliyeandika kuliko wote ni mwanachama mwenye mizinga sitini, fundi cherehani wa zamani tunayemwita Mama Sitini. Aliandika mara saba. Alidai kwamba macho yake, yaliyozoea matundu ya vifungo, yanaona nyaya zimeachana. Asali yake ilikataliwa misimu miwili mfululizo, kamati ikaomba taarifa ya mkaguzi, na Milimita akaandika kwamba vifaa ni vizima ila mfugaji ni mzembe. Kwa taarifa hiyo Mama Sitini akafutwa kwenye orodha ya wauzaji. Cherehani alikuwa ameshaiuza ili anunue mizinga, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi.

Miezi mitatu baadaye, saa nne asubuhi, pini ilimponyoka Milimita ikatumbukia kwenye kikombe cha chai ya moto. Aliiopoa kwa kijiko, akaifuta kwa leso. Leso ikabaki na doa la kahawia linalonuka mzinga. Ilikuwa gundi ya nyuki, ile wanayozibia nyufa za mzinga. Kwa miaka mingi alikuwa akipima pia nyavu kuukuu zinazoletwa kutengenezwa, zote zimeganda gundi hiyo, na kidogo kidogo pini ikavaa koti. Kitambaa cha Ijumaa kilikuwa kikiing'arisha tu. Pini iliyonenepa haikupenya tena hata pale ambapo malkia anapita bila kuinama.

Akachukua wavu alioupitisha asubuhi hiyo hiyo. Pini ikapenya. Akachukua wa pili, kisha wa tatu. Chumbani tulikuwa wawili, na mimi nilikuwa nimeinamia karatasi zangu. Angeweza kunyamaza na kuanza kukataa nyavu mbovu tangu siku ile, na malalamiko yangejifia yenyewe. Nakiri kwamba mimi ningenyamaza. Yeye aliutazama ule wavu mpaka chai ikapoa, halafu akaniomba karatasi, akaandika tangazo la kuzirudisha nyavu zote za misimu miwili.

Kesho yake alisimama mbele ya kamati. Maneno yake yamo kwenye kumbukumbu za kikao: "Pini ilikuwa chafu, na mwenye pini ni mimi. Dada yule si mzembe. Mzembe alikuwa anajibu barua." Alipewa onyo la maandishi, nalo bado limo kwenye faili lake; kamati ilipotaka kulitoa mwaka jana, alikataa.

Kumrudisha Mama Sitini kwenye orodha kulimchukua karani dakika tano. Kumwomba radhi kulikuwa kwa Milimita mwenyewe, nami nilimpeleka kwa gari la stoo, na nyavu mpya sitini nyuma. Alijieleza akiwa amesimama, jasho likimtoka. Mama Sitini alimsikiliza huku akitia kiraka vazi lake la kurinia, kisha akasema, "Kaka, sikuandika barua saba kwa kupenda kuandika. Nilitaka mtu aje aone." Halafu akaomba pini, akapima zile nyavu mbele yetu, moja baada ya nyingine. Alikataa mbili. Milimita alibisha, akazipima, akazirudisha garini.

Tangu hapo pini huoshwa kwa maji ya moto kila asubuhi, watu wawili wakishuhudia, na kila shehena hupimwa upya na mwakilishi wa wanachama. Utaratibu huo aliupendekeza Milimita. Mwakilishi aliyempendekeza ni Mama Sitini. Msimu uliopita tulipokea barua moja ya malalamiko, na ilihusu rangi ya mifuniko.

Wiki iliyopita alimaliza shehena yake ya mwisho, nyavu mia mbili. Hakusema, ila tunaomfahamu tulijua anataka zote zipite. Alizipima mara mbili. Mama Sitini alikaa nazo siku mbili, na Alhamisi akaja na wavu mmoja mkononi, akaonyesha nafasi ya pembeni kabisa, karibu na fremu. Milimita akapima. Akabadilisha miwani, akapima tena. Kisha akagonga KATAA kwa mkono wake, na huo ndio muhuri wa mwisho wa utumishi wake. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo si la kila wiki.

Kamati imemnunulia saa ya ukutani. Habari zimeshavuja, na ameuliza kama inakwenda sawasawa. Lakini kitu pekee alichoomba kwenda nacho nyumbani ni wavu ule uliokataliwa. Mkewe ameshatangaza kwamba utakuwa wa kukaushia sahani.

Kwa niaba ya wafanyakazi na wanachama, tunakushukuru kwa miaka thelathini na moja na miezi minne, na zaidi kwa asubuhi moja ya chai. Meza iliyo mbele yangu itakuwa tupu, na sitajifanya kwamba hilo halinigusi. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na mizinga yako mwenyewe yenye malkia watulivu. Huku nyuma usihangaike. Pini tutaiosha.