Halimo Kwenye Slaidi

Dada aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa anakwenda kwenye mahojiano ya kazi ya masoko, taa ya sola mapajani. Alimwomba mama wa kiti cha jirani amsikilize akifanya mazoezi ya kuinadi, kama atakavyofanya huko kwa slaidi zake. Mama alikubali, kama mtu asiye na pa kukimbilia.

“Taa hii ni suluhisho bunifu kwa kila kaya,” dada akaanza. Mama akajifuta paji la uso kwa leso, kisha akajifuta tena.

“Mwanangu, nina nini usoni?”

“Huna kitu, mama. Kwenye kozi walitufundisha tutazame paji la uso, eti woga unapungua.”

“Wako unapungua, wangu unapanda. Nitazame machoni. Kwenu mnayo taa hii?”

Dada akamtazama, sauti ikashuka. “Tunayo. Mdogo wangu huingia nayo chini ya meza akasome, bibi asiamke.”

“Basi waambie hilo.”

“Halimo kwenye slaidi, mama.”

“Kwani slaidi ndiyo inayonunua taa?”

“Slaidi ndiyo itakayonipa kazi,” dada akasema, macho yakirudi kwenye paji la uso la mama.

Treni ikasimama. Dada akashukuru, akashuka na taa ambayo muda wote ule hakuiwasha. Mama alikuwa bado anajifuta paji la uso.