Nitatoka kwa Jina Langu

Sogeeni, wadogo zangu, sogeeni kabla hawajaleta kile kitanda cha magurudumu. We Joëlla kaa hapa miguuni pangu, we Mirindi weka simu mfukoni unipakatie mwanangu Orlane, usimwache atambae maana sakafu ya hospitali si ya kwetu, na mnisikilize bila kunikatiza, kwa sababu uchungu huu unakuja na kurudi, na ni katikati ya uchungu mmoja na mwingine ndipo ninapopata pumzi ya kusema. Daktari amesema mtoto amelala kingamo, hawezi kupita, watanipasua. Amesema ni kazi yake ya kila siku. Kwake, ndiyo, kwangu mi ni tumbo langu, na ninaogopa, siwafichi, ninaogopa mpaka meno yanagongana, lakini msiangalie meno, shikeni maneno. Mama hayupo, baba hayupo, mkubwa wenu ni mi Mawazo, na mkubwa haondoki nyumbani bila kuacha neno, hata akiwa anaondoka asubuhi na kurudi mchana.

Neno lenyewe ni hili, nalitanguliza ili pumzi ikikatika muwe mmeshalipata: nitatoka humu. Nikitoka kwa miguu yangu na mtoto mgongoni, nitatoka. Nikitoka nimefunikwa shuka, Mungu apishe mbali, nitatoka vilevile, na hakuna mlinzi wa geti atakayenyoosha mkono mbele yenu na kusema subirini, huyu hajalipa. Mliniona pale kwenye dirisha la malipo nikilia, mkadhani ni uchungu. Haukuwa uchungu. Ile mashine ndogo ilikuwa imeshika kadi yangu, inafikiri, inafikiri, yule dada wa dirishani anajitazama kucha, na mi nasali sala zote nilizofundishwa na nyingine nazitunga palepale, kisha ikatema kijikaratasi, krrr, na dada akasema, "Mama Orlane, imepita, nenda bakupokee." Imepita! Nikalia kwa sababu kuna mzigo ulioshuka kichwani kwangu, mzigo niliojitwika nikiwa mdogo kuliko Mirindi alivyo sasa.

Joëlla, mdogo wangu, pokea jambo ambalo mama alinikataza kukuambia, na leo naomba aniachilie. Umekuwa ukiuliza tangu utoto kwa nini mabati ya nyumba yetu ya Buterere hayafanani, moja jekundu, moja lina kutu, jingine la bluu kama shati la shule, na sisi tunakujibu kwamba baba alipenda rangi. Baba hakupenda rangi. We ulizaliwa hospitalini, si hii, nyingine, mama naye akapasuliwa kama mi leo, na siku ya kuruhusiwa ilipofika hatukuwa na cha kulipa, wakamhamishia chumba cha nyuma, yeye na we mchanga, pamoja na wenzake wasiolipa. Hakupigwa wala hakutukanwa. Ni geti tu halikufunguka. Mi ndiye nilikuwa napeleka ugali na visamaki vya ndagala kwenye bakuli lililofungwa kwa kitenge, mlinzi akanizoea hata akawa ananiita "mufungwa mudogo," anacheka, nami nacheka ili anipishe, nikikata kona nalia. Mama alifua mashuka ya wagonjwa wengine ili asionekane anakula bure. Mwisho baba alipanda juu ya nyumba, akang'oa mabati yote, akayauza, na hivyo ndivyo ulivyokuja kwetu, Joëlla, ukalazwa mkekani ukitazama mawingu. We ulikuwa unacheka. Sisi tulikuwa tunaangalia upande mvua inakotokea. Mabati yalirudi moja moja, kila moja na rangi yake, kadiri Mungu alivyojalia.

Mama akatoka humo na sheria moja: jina la mtu wa nyumba hii lisiandikwe tena kwenye karatasi ya deni. Akaniapisha nimeshika mguu wako. Na mi ni mtu wa kushika, mnanijua. Nimeishika sheria ile mpaka ikanifanya mjinga.

Kwa maana mlikuwa hamjui mtaji wa mchele wangu unatoka wapi. Mpunga wa Buterere ukivunwa ni rahisi, kila mtu anauza, na mwenye fedha ya kununua wakati huo akauweka, akaukoboa taratibu, ndiye anayekula msimu mzima. Lakini fedha ya kununua nitoe wapi, na kukopa nimeapa? Nikamwendea Concilie, jirani yangu wa Kinama, mke wa fundi wa baiskeli, ambaye ni mwanachama wa ile koperative ya akiba na mikopo kule Kamenge. Nikamwambia, Mama Concilie, ukope we, nitumie mi, nilipe mi. Akakubali. Wanawake wengi wanafanya hivyo, kukopa kwa mgongo wa mwenzako, si jambo la ajabu. Msimu baada ya msimu fedha inapita kwa mkono wake kuja kwangu na inarudi kwa mkono wake kwenda Kamenge, sijawahi kuchelewa, hata ule mwezi Orlane alipougua malaria niliuza viatu vya harusi kuliko kuchelewa, na moyoni najisifu: jina langu halimo, mama alale kwa amani.

Basi mimba hii ilipoingia, nikaanza kuota lile geti. Kila nikilala, geti. Nikasema apana, mi sitarudi kwenye chumba cha nyuma, acha niwe na kitu cha kunitoa, nikasikia koperative inatoa kadi kwa wanachama waaminifu, unalipia leo mahali popote penye mashine, wao wanatangulia, we unarudisha mwisho wa mwezi, na ukirudisha yote kwa siku yake hawakudai riba. Nikavaa vizuri, nikaenda, nikakaa mbele ya kijana mmoja anaitwa Xavier, mpole, ana tai inayombana shingo. Akaandika jina langu kwa mashine yake, akatazama, akaandika tena.

"Mama, humu hauko."

"Siko vipi? Nimelipa hapa miaka yote!"

"Aliyelipa ni Concilie. Tena amelipa vizuri sana, hajachelewa hata mara moja. We hatukujui."

"Mi sina deni hata la chumvi, kijana. Jina langu ni safi."

"Si safi, mama, ni tupu. Safi na tupu si kitu kimoja."

Wanangu, maana nyinyi ni wanangu pia, neno lile lilinichoma kuliko kisu watakachonitia leo. Na kumbe juma lilelile Concilie aliitwa akapewa kadi yake, kwa uaminifu wangu mi! Niliyeuza viatu vya harusi ni mi, na anayeitwa mwaminifu ni yeye. Nikamkuta bombani, ndoo imejaa, nikamwaga maneno mbele ya mtaa wote, nikamwita mwizi wa jina, nikamwambia amenenepa kwa jasho langu. Aliweka ndoo kichwani akaenda zake. Tukaacha kusalimiana. Ndiyo maana Pasaka ile hamkuona sahani yake kwetu, mkauliza, nikasema ana wageni.

Xavier alinionyesha njia. Akasema nianze na mkopo mdogo kwa jina langu mwenyewe, wajue mwendo wangu, ila nilete mtu wa kunidhamini. Nani? Niliowaendea wote mikono yao iliuma ghafla. Basi siku moja nimeinama napepeta mchele, naona kivuli mlangoni, ni Concilie, amevaa kitenge cha kanisani, kitambulisho kiko mkononi.

"We mutoto," akasema, "unapiga kelele bombani ju ya jina, halafu unakaa ndani kama kuku mugonjwa. Simama twende."

"Twende wapi?"

"Kusaini. Jina langu kule Kamenge ni we ulilipika, tena ulilipika kwa kuni zako. Acha nikupakulie."

Nilivaa viatu tofauti, mguu huu mwingine na huu mwingine, yeye akaona njiani akacheka mpaka akaegemea ukuta, "Mwaminifu wa koperative, tazama miguu!" na kicheko kile ndicho kilichofuta mambo ya bombani. Sikumwomba msamaha kwa maneno, na hilo mnisaidie: nikichelewa kurudi, kile kitenge changu cha bluu ambacho sijakikata ni chake, mkampe mkononi, mkamwambie Mawazo anasema alishiba.

Na bado nikafanya ujinga mwingine! Mkopo ule mdogo nilikimbia kuurudisha wote kabla hata mwezi haujaisha, nikidhani watanipigia makofi. Xavier akashika kichwa. "Mama Orlane, ukimaliza yote kwa siku moja tutakujuaje? Tunataka kukuona ukija, na ukija tena, na ukija tena." Nikaanza upya, taratibu, kila mwezi kwa siku yake, sikutangulia, sikuchelewa, na jina langu likaanza kupata nyama. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mi nawaambia, wadogo zangu, matanga ni ya anayekopa akasahau. Mama hakukosea kuogopa deni, aliona lilivyo na meno. Lakini alitufundisha kujificha, na anayejificha, siku ya kuhitaji kuonekana haonekani.

Kadi ilipofika, Rénovat mume wangu aliigeuza huku na huku, akasema, "Mke wangu, hii inanunua televisheni?" Nikamwambia inanunua, na mwisho wa mwezi inamnunua mwenye televisheni. Nikaificha ndani ya debe la mchele. Msimcheke, ni mtu mwema, saa hii anazunguka maduka ya dawa kutafuta vile walivyomwandikia. Lakini mjue hivyo: kadi si fedha, ni ahadi iliyopewa umbo. Mi sikuitoa kwenye debe mpaka leo.

Ngojeni... ngojeni kidogo. Joëlla, nipe mkono. Si huo, ule mwingine... Haya. Umepita.

Sasa shikeni, maana nasikia magurudumu kule mwisho. Kilicholipwa leo kwa kadi bado ni deni, msije mkasema imepita ndiyo imekwisha. Nyumbani kuna magunia ya mchele nyuma ya kitanda, yauzwe, yalipe kabla mwezi haujaisha, hata kama mi sipo, hasa kama mi sipo. Msiseme marehemu hadaiwi, sitaki Concilie aliyenidhamini aje kuaibishwa kwa ajili yangu. Kisha kadi mkamrudishie Xavier, aikate mbele yenu. Msiitumie. Mirindi, umenisikia, unaangalia chini, nakujua: kadi yangu ikitumiwa na we, ni hadithi ileile ya Concilie na mi, mmoja anatoka jasho na mwingine anapata jina. Mizani na soko la mchele nampa Joëlla. Baiskeli ya kubebea magunia ni ya Mirindi, na asiikodishe kwa rafiki zake wasiorudisha pampu. Na Joëlla, ukiwa na mizani, nenda Kamenge kwa jina lako, chukua kidogo, kidogo kabisa, urudishe kwa siku zake. Mguu wako niliushika nikaapa. Leo nakifungua kiapo kile. Uandikwe. We uliyeanza maisha umezuiwa getini, uandikwe jina lako palipo na watu wanaoaminika.

Mtoto huyu naye, akiwa wa kiume, akiwa wa kike, mpelekeni kwenye ofisi ya komini aandikwe mapema, msingoje nipone, msingoje arobaini. Asiwe mtupu.

Naogopa bado. Lakini si woga ule wa zamani, jamani, ule ulikuwa na geti, huu hauna, huu ni woga wa mtu anayevuka barabara tu. Nimepumua. Ndani yangu pamekuwa papana. Orlane, mwanangu, njoo nikuguse... hivyo, hivyo... mama anakwenda kumleta mwenzako.

Mungu awape mapaa yasiyong'olewa. Awape majirani wa kuwapakulia. Msinyimane chumvi, msi... msiazimane majina. Mlango mtakaoingilia, huo huo mtokee, mchana, watu wakiwaona, mikono... mikono yenu ikiwa na mizigo yenu.

Wamefika. Usilie, Mirindi, mwanamume mzima. Nyanyueni hapa mgongoni, polepole... Ndiyo, dada. Ndiyo, ni mi wa kupasuliwa. Jina? Andika, dada, andika vizuri, usikosee... Mawazo. Ndiyo. La kwangu mwenyewe.