Fomu Haikuniuliza Kama Nina Mume

Sifa na utukufu ni kwa Bwana, ndugu zangu. Nawasalimu wote kwa jina lake.

Wengi hapa Bariadi mnanifahamu. Mimi ni Kabula, yule binti wa kutoka Lagangabilili aliyeimba kwaya hapa kabla ya kwenda kusomea udaktari na kujiunga na jeshi. Huyo aliyekaa benchi la mbele ni mume wangu, Masanja. Naye ni daktari, naye ni mwanajeshi. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa mahali ambapo hata mama yangu hakujua kwamba nipo.

Tulipofunga ndoa, mimi nilikuwa kambi ya Tabora, yeye Songea. Tulijua itakuwa hivyo. Tulisema ni kwa muda tu. Lakini muda ulienda, ukafika miaka minne. Katika mwaka wa pili nilipata mimba, na ikiwa na miezi mitano ikatoka. Masanja aliomba ruhusa, ikachelewa. Alifika siku ya tano, akakaa siku mbili, akarudi kazini. Nilimwambia niko sawa. Ndugu zangu, nilimdanganya mume wangu.

Baada ya hapo niliishi kama mtu anayeota akiwa macho. Asubuhi navaa sare, napiga saluti, naingia wodi ya wazazi. Mchana mwanga wa madirishani ulinijia kama unapita kwenye maji. Napokea mtoto, nampongeza mama yake, halafu naona kama ni mwanamke mwingine aliyempongeza, na mimi nimesimama mbali namtazama. Watu walipoongea nami, sauti zao zilifika zimechoka, kama zimetembea kwa miguu kutoka kule Nassa, ziwani. Niliomba kila siku. Maneno yalitoka, moyo ulibaki palepale.

Ndipo tukaomba kwenda kusomea udaktari bingwa, mimi uzazi, yeye upasuaji. Kwetu wanajeshi, hospitali inayofundisha lazima ikukubali, na jeshi nalo likuruhusu. Tulisema safari hii tutapangiwa mji mmoja. Nikajaza fomu. Walitaka namba yangu ya jeshi, cheo, shule nilizosoma. Nilitafuta mahali pa kuandika kwamba nina mume, naye ameomba pia. Hapakuwepo. Nikaandika kwa kalamu pembeni ya karatasi, maneno machache, nikaituma.

Majibu yalipotoka, mimi nilipangiwa Mwanza, Masanja Dar es Salaam. Miaka mingine mitatu au zaidi.

Sikulia. Niliandika barua kwa wakubwa kwamba naiacha nafasi yangu. Ndugu zangu, naomba mnisikilize hapa. Mtu angeiona barua ile angesema huyu mke ana upendo, amejitoa ili awe karibu na mume wake akisoma. Haikuwa hivyo. Niliandika kwa uchungu. Nilitaka Masanja aende Dar, asome, apande cheo, halafu siku moja ageuke nyuma na kukuta sipo. Nilishaamua moyoni kwamba ndoa imekwisha, na sikuwa nimemwambia yeyote.

Nikachukua likizo, nikaja nyumbani. Ilikuwa msimu wa kuchuma pamba. Shamba lilikuwa jeupe mpaka kule mbuga inapogusana na mbingu, na joto lilitetemeka juu yake hata watu waliokuwa wakichuma walionekana kama wanaelea. Ndani kwa mama chumba kizima kilijaa pamba. Mchana ule nilijilaza juu yake, nikazama, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mimba ilipotoka.

Nikaota niko wodini. Kuta hazipo, vitanda vimepangwa katikati ya pamba, na juu ya kila kitanda kuna mwanga mdogo mtulivu. Nilitembea katikati yake bila kuchoka. Kwenye kitanda cha mwisho alikaa Masanja, amevua kofia, analia kimya kimya kama mtu aliyelia kwa miaka. Nilitaka kumuuliza analilia nini. Kabla sijafungua mdomo, ndani yangu ikasikika sauti, sijui niielezeje, haikuwa kubwa. Ikasema, “Huyu naye alifiwa.”

Niliamka nimelowa machozi. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua pamba. Nilimweleza yote, tangu mimba mpaka barua. Nilipomaliza, akaniuliza, “Ng'wanone, mwanangu, huyo mwanaume umemwambia lakini?”

Mimi mtoto wake nilikuwa sijamwambia.

Nikatoka nje, nikasimama pale mtandao unapopatikana, nikampigia. Nilimweleza kwamba nilidanganya niliposema niko sawa, kwamba nilimkasirikia, kwamba nimeandika barua ya kuacha nafasi na sababu yake si nzuri. Halafu akasema, “Kabula, hata mimi nimeandika. Nimeiacha ya Dar. Nilitaka wewe usome, mimi niombe uhamisho nije uliko.”

Ndugu zangu, niliketi chini kwenye vumbi. Barua mbili zilikuwa zimekwenda kwenye meza moja, moja ya upendo, moja ya uchungu, na Mungu alikuwa anaziona zote. Tulilia pamoja kwenye simu, kwa mara ya kwanza tukamlilia mtoto wetu. Na ule uzito ukatoka. Kabla hakijabadilika chochote, uzito ulitoka. Huo ndio wokovu ninaoushuhudia.

Mengine yalifuata polepole. Mkubwa mmoja alizikuta barua zile, akatupigia akitaka kujua kulikoni. Tulimweleza ukweli. Barua yangu ikarudishwa, nikaanza masomo Mwanza. Masanja hakupata nafasi mwaka ule. Alihamishiwa kikosi cha karibu na Mwanza, akatibu wagonjwa wa kawaida mwaka mzima huku wenzake wakiendelea mbele, na hakunung'unika. Mwaka huu naye ameanza upasuaji, hospitali ileile. Mtoto bado hatujapata. Tunaishi nyumba moja, tunaomba pamoja, na tunaongea.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama. Namshukuru Masanja, ambaye ameniruhusu kusema haya mbele yenu. Wabeja sana kwa kunisikiliza.

Na wewe uliyekaa hapa na jambo ambalo hujalisema, Mungu analijua tayari. Mwamini. Ibada ikiisha, mume wangu na mimi tutabaki hapa mbele. Njoo tuombe. Huna haja ya kuandaa maneno.